Ua la Madhabahuni na Kwao Milimani

Mgeni anayeingia Babati kwa basi kutoka Arusha huambiwa atazame vitu viwili, ziwa na mlima. Ziwa Babati liko karibu sana na mji, na viboko wake ni majirani zetu wa kila siku. Jioni utawasikia wakikoroma hata kabla hujawaona. Upande wa pili umesimama Mlima Kwaraa, wenye msitu wa Ufiome mgongoni, na asubuhi za mvua kilele chake hujifunika mawingu kama mama aliyejitanda shuka. Mimi ningependa mgeni huyo aoneshwe na kitu cha tatu. Hakionekani dirishani mwa basi. Ni ua.

Kwanza niuseme mji wenyewe kidogo, kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 ulipogawanywa Mkoa wa Arusha. Ile barabara kuu ya zamani, ambayo wakoloni waliiota itoke Cape Town mpaka Cairo, inapita hapa hapa, na sehemu yake ya kwenda Dodoma ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018. Kwa hiyo mji wetu umekuwa njia panda ya kweli. Ukisimama sokoni nusu saa utasikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kibarbaig, na Kiswahili cha kila namna kinachowaunganisha wote. Mbaazi, mahindi, vitunguu saumu, samaki wa ziwani, vyote vipo. Maua ya kukata ndiyo yanayotushinda. Harusi ikiwa Jumamosi, maua huagizwa Arusha na kushushwa katika kituo cha mabasi yakiwa yamefungwa kwenye magazeti, nusu yake yamesinyaa.

Mama mwenzangu uliyewahi kuwa katika kamati ya maua kanisani unajua ninalolisema. Unajua pia kuwa katika furushi lile ua linalotegemewa ni lile refu, lenye maua mengi yaliyopangana upande mmoja wa shina, meupe, mekundu au ya waridi. Hilo ndilo hujaza chombo kikubwa kando ya madhabahu, na hukaa hadi katikati ya juma linalofuata kwa kuwa machipukizi ya juu huendelea kufunguka wakati ya chini yanasinyaa. Wauzaji huliita gladiola. Wengi wetu tunaliita tu "yale marefu."

Kwa miaka mingi nilisikia watu wakisema kuwa ni ua la Kizungu. Si kweli, au tuseme ni kweli ya nusu tu. Ukoo wa gladiola una aina zaidi ya 250 duniani, na nyingi kabisa kati ya hizo ni za Afrika. Aina mojawapo iliyochangia kuzaliwa kwa yale ya dukani inaota katika nyanda za juu za Tanzania, na sisi wa Babati tunaipita tukienda kuchanja kuni. Wataalamu huiita Gladiolus dalenii. Neno la kwanza ni la Kilatini na maana yake ni upanga mdogo, kwa ajili ya majani yake marefu yaliyochongoka. La pili linatokana na Cornelius Dalen, aliyekuwa mkuu wa bustani ya mimea ya Rotterdam huko Uholanzi, maana mmea huu ulifika Ulaya kutoka Afrika miaka ya 1820 na Wazungu ndio walioupa jina hilo vitabuni.

Waliupenda, wakaanza kuuchanganya na ndugu zake wengine wa Afrika ya kusini. Mwaka 1841 mfanyabiashara wa mimea wa mji wa Ghent, Ubelgiji, aliyeitwa Louis Van Houtte, alianza kuuza chotara mmoja aliyepewa jina la mji huo. Kutoka kwa chotara huyo ndiko ilikoanza safari ya gladiola kubwa za kisasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, lilipokuwa likiandaliwa daraja la reli katika Maporomoko ya Victoria, mhandisi Francis Fox aliliona ua la manjano likiota ndani kabisa ya manyunyu ya maji, akapeleka viazi vyake Uingereza. Waingereza wakaliita Binti wa Ukungu. Nalo ni la aina hii hii yetu. Hivyo tunapotoa fedha za sadaka kununua maua "ya Kizungu," tunamnunua mjukuu wa jirani yetu aliyekwenda kusoma Ulaya akarudi amebadilisha mavazi.

Mwezi wa Februari uliopita, mvua zikiwa zimepumzika kidogo, tulipanda wanawake wanne kwenda miteremko ya chini ya Kwaraa. Tulikwenda kwa bajaji hadi barabara ilipokuwa mbaya, kisha kwa miguu, tukipita kando ya mashamba ya mahindi na mbaazi. Hatukuingia msituni. Msitu wa Ufiome umehifadhiwa, na tembo hupita huko, hivyo mtu haingii kama anayekwenda sokoni. Lakini hakuna haja ya kuingia. Ua hili hupenda mahali pa wazi penye nyasi na mawe, ukingo wa njia, na vichaka vya miti ya miombo isiyosongamana.

Tulilikuta kwenye ukingo wa shamba la mama mmoja aliyetukaribisha vizuri. Ni refu, linafika kifuani mwangu, nami si mfupi. Rangi yake si moja: mengi yalikuwa ya chungwa iliyokolea kama makaa yanayowaka, yenye manjano kooni, na mengine yalikuwa ya manjano yenye vidoa vya kahawia. Petali ya juu imeinama mbele kama mtandio uliovutwa usoni wakati wa jua kali. Hiyo ndiyo iliyolisaidia lile la maporomokoni, kwa kuwa chavua hukaa chini ya paa hilo bila kulowa. Tukiwa bado tumesimama alikuja ndege chozi, mdogo, anayemetameta, akaingiza mdomo wake uliopinda katika ua moja baada ya jingine, akitoka na vumbi la chavua kichwani. Ua hilo halina harufu ya kutajwa, maana anayeliposha ni ndege, na ndege huitwa kwa rangi na utamu.

Mama mchungaji, ambaye tulikuwa naye, alituuliza kama hayo ndiyo maua ya kondeni aliyoyasema Yesu katika Mathayo sura ya 6. Swali lake si la kuchekwa. Gladiola za mwituni huota hata leo katika mashamba ya ngano ya nchi ile, na wapo wataalamu wa Biblia wanaoliweka ua hilo miongoni mwa yale yanayodhaniwa. Wengine hutaja ua jekundu liitwalo anemone, na wengine husema Bwana alikuwa akionesha kwa mkono maua yote ya kondeni. Mimi naona hao wa mwisho wana hoja nzuri.

Utajiri wa mmea huu uko chini. Majani na shina hufa kiangazi, moto wa nyasi hupita juu yake, na mtu angedhani habari yake imekwisha. Chini ya udongo kimebaki kiazi cha mviringo kilichobonyea, kimevaa nyuzi za kahawia kama kitunguu kilichovaa gunia. Mvua zikija kinachipua. Kila mwaka kiazi kipya hutengenezwa juu ya kile cha zamani, na pembeni huzaa vijiazi vidogo vingi. Familia yake ndiyo ile ya zafarani, kiungo cha biriani kinachouzwa kwa bei ya kutisha kwa kuwa huhitajika maua kama 150 kupata gramu moja.

Katika familia hiyo hiyo wamo pia wenye sumu. Mimea ya ukoo wa Moraea, ambayo majani yake ukiyaona kabla ya maua unaweza kuyadhania kuwa ni gladiola, ni maarufu kwa wafugaji wa Afrika Kusini kwa kuua ng'ombe. Sumu yake hushambulia moyo. Wapo wa ukoo huo wanaoota katika nyanda za juu za nchi yetu pia. Naomba ukumbuke jambo hili kwa haya yanayofuata.

Tulipokuwa tukishuka tulimkuta bibi mmoja ameinama na kijembe, anachimbua viazi vya ua lile na kuviweka katika kanga. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba wanangu, mnatoka wapi na jua hili?" Tukamweleza. Tulipomuuliza naye, alisema kwa upole kuwa vile viazi ni dawa, mjukuu wake anahara tangu juzi. Alifundishwa na jirani aliyehamia kutoka mikoa ya kusini: unakiponda, unakichemsha, unampa mtoto anywe.

Bibi hakubuni. Kutumia kiazi cha gladiola hii kwa kuhara na kuhara damu ni jambo linalojulikana Lesotho na Afrika Kusini, na kusini mwa Kongo pia mimea ya ukoo huu hutumiwa kwa maradhi mbalimbali. Siwadharau wazee wetu na miti yao. Dawa kadhaa tunazotoa hospitalini zilitoka kwenye mimea. Lakini mimi ni muuguzi, na nimeona watoto wengi walioletwa siku ya tatu au ya nne baada ya kupitishwa kwenye mizizi. Nikamuomba bibi atupeleke nyumbani kwake, haikuwa mbali.

Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na nusu hivi. Amelala mapajani mwa mama yake, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nilipomfinya ngozi ya tumbo taratibu ilirudi polepole, haikurudi mara moja kama inavyotakiwa. Nilipomwekea kijiko cha maji mdomoni alikidaka kwa pupa. Hizo ni dalili za mtoto aliyepungukiwa maji, ambaye bado ana nguvu ya kuokolewa na maji yenyewe. Hakuwa na damu katika choo. Katika mkoba wangu huwa sikosi pakiti mbili za ORS. Tulichanganya moja katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mama akaanza kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Alitapika mara moja. Tukangoja kama dakika kumi, tukaanza tena polepole zaidi. Kisha bodaboda ikaitwa, mama na mtoto wakaenda zahanati, mama akiendelea kunywesha njiani. Alikaa huko mchana kutwa, akarudi na pakiti za ORS na vidonge vya zinki vya kumpa kwa siku 10 hadi 14. Jumapili iliyofuata nilimwona mtoto huyo akivuta mkia wa mbuzi.

Kile kiazi kingemfanyia nini? Jibu langu kama muuguzi ni kwamba mtoto anayehara hauawi na kuhara kwenyewe kwa kawaida, huuawa na maji na chumvi zinazomtoka. Kiazi kilichochemshwa hakizirudishi. Viazi vya gladiola vikiwa vibichi huchafua tumbo na kuleta matapishi, na mtoto anayetapika hupoteza maji zaidi. Juu ya hayo kuna ile hatari ya kuchimba mmea ambao si wenyewe, wakati majani yamekauka na ua halipo. Na kubwa kuliko yote ni siku zinazopotea.

Kama ORS haipo, chukua maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo vya chai sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, mpe mtoto huku ukiendelea kumnyonyesha na kumlisha. Usizidishe chumvi. Huo ni msaada wa njiani tu, safari ya kituo cha afya iendelee. Akiona damu kwenye choo, akishindwa kunywa, akilegea au akitapika kila kitu, usingoje asubuhi.

Bibi alinipa vile viazi vyote. Vilikuwa kumi na saba. Tulivirudisha ardhini siku ile ile kwa ruhusa ya mwenye shamba, ingawa sina hakika vingapi vitaota, kwa kuwa kuuhamisha mmea ukiwa na ua ni kama kumhamisha mama siku ya kujifungua.

Jambo la kuchimba si dogo. Huko Kitulo, katika nyanda za juu kusini, sehemu ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, viazi vya okidi za mwituni vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Milima ikaanza kuwa mitupu. Sehemu hiyo ikafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Gladiola yetu haijafikia hapo, inaota Afrika nzima kutoka Senegal na Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Lakini kilima kimoja kinaweza kwisha bila dunia kujua, na anayekiona kimekwisha ni mama anayekipita kila siku.

Wilaya ya Babati ina mfano wake wa kujivunia katika mambo haya. Vilima vya miombo vya Duru-Haitemba vilikaribia kuchukuliwa na Serikali na kufanywa msitu wa hifadhi wa kitaifa. Wanavijiji hawakuridhika. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vilikabidhiwa kuutunza msitu wenyewe, vikapanga mipaka, sheria ndogo na walinzi wao. Watu walikuja kutoka nchi nyingine kujifunza. Ndiyo maana nasema kijiji kinaweza kabisa kukubaliana kwamba ua fulani linachumwa na kiazi chake kinaachwa, bila kumsubiri bwana misitu.

Sasa, wenye bustani. Ukitaka gladiola za madhabahu usichimbe za mlimani. Nunua viazi vya zile za bustani, vipande kumi vinatosha kuanzia. Chimba shimo la kina cha sentimeta 10 hadi 15, acha nafasi ya sentimeta 15 kati ya kiazi na kiazi, mahali penye jua, pasipotuama maji. Udongo wa tope wa kando ya ziwa huvioza; changanya mchanga na samadi iliyoiva. Panda vichache kila baada ya wiki mbili, usipande vyote siku moja, la sivyo yatafunguka yote kwa pamoja na Jumapili ya pili mtarudi kwenye basi la Arusha. Kuanzia kupanda hadi ua ni siku kama 70 hadi 100. Kata asubuhi na mapema, wakati chipukizi la chini ndilo tu limeanza kuonesha rangi, na uache angalau majani manne kwenye mmea. Wanaokata mpaka chini ili shina liwe refu kwenye chombo mwaka unaofuata hushangaa kuona viazi vimedhoofu. Majani ndiyo yanayokilisha kiazi.

Ya mlimani nayo yanaweza kupandwa, kwa mbegu. Tulirudi kule baada ya majuma kadhaa, maua yakiwa yamegeuka vifuko vikavu. Mbegu zake ni nyepesi, zina ubawa mwembamba kama karatasi, ukifungua kiganja upepo unazichukua. Tulichukua vifuko vitano tu, tukaacha vingine vijimwage vyenyewe. Tumezisia katika beseni kuukuu lililotobolewa chini, nyuma ya jengo la kanisa. Zinaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Kwa sasa majani yake ni membamba kama nyasi, na mara mbili imenibidi nimkimbilie kijana anayefyeka uwanja kabla hajayafikia.